Duara Kubwa, Kamba Moja

Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo Geita, utajiri wa duara, yaani shimo la kuchimbia, hauhesabiwi kwa mwamba ulioko chini bali kwa viroba vinavyofika juu. Hata mkiwa kumi mnapasua mawe, winchi ikiwa moja na kamba moja, karasha, mashine ya kusaga mawe, litakaa likingoja. Mwenye duara asiyejua hesabu hiyo huongeza wachimbaji, kisha hushangaa mbona mawe hayaongezeki.

Hesabu hiyohiyo iliwahi kuwabana mafundi hodari, mbali sana na Geita.

Mwaka 1996 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa X-Men vs. Street Fighter, gemu la ngumi la mashine za kutumbukiza sarafu. Utamu wake ulikuwa hapa: kila mchezaji ana wapiganaji wawili, na mmoja akizidiwa, mwenzake anaruka ulingoni papo hapo. Picha zao zilikaa kwenye chipu, zikiitwa, zinaitika.

Ikaja kazi ya kulihamishia kwenye PlayStation, mashine ya gemu ya nyumbani. CD moja ilibeba megabaiti 650 hivi. Nani asingechekelea? Ila kifaa cha kuisoma kilipandisha kilobaiti 300 tu kwa sekunde, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa megabaiti 2, pamoja na 1 ya picha. Wapiganaji wanne na rundo la picha zao za kila teke na kila ngumi hawakuenea humo. Na kumvuta mmoja kutoka kwenye CD katikati ya pambano ni kuwaambia wachezaji: subirini, inalodi.

Toleo hilo la PlayStation, la 1998, likatoka bila kule kubadilishana katika mapambano ya kawaida. Mwenza alikuja kusaidia kwa pigo, akaondoka. Jina lilikuwa lilelile, utamu ukabaki kwenye mashine za sarafu. Kwa Sega Saturn, mashine nyingine ya nyumbani, gemu liliuzwa huko Japani pamoja na kipande cha kuchomeka chenye megabaiti 4 za ziada za kumbukumbu, na kubadilishana kukabaki. Walioongeza winchi walipata mawe.

Kampuni ya Namco nayo ilikata. Gemu lake la ngumi, Tekken 3, lilipohamia PlayStation kutoka mashine za sarafu mwaka 1998, mandhari ya nyuma yalifanywa picha bapa, lakini kasi ya mapigo haikuguswa. Nililikuta gemu hilo kwenye banda moja Kahama, vijana wamebanana kwenye benchi wakigombea pedi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mandhari.

Kwa hiyo kupunguza si aibu. Aibu ni kukata kile kilichowaleta watu.

Kijana wa Shinyanga anayetengeneza programu ya simu kwenye kompyuta yake nzuri, ili mkulima wa pamba aitumie kwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua, naye anahamisha kitu kutoka pakubwa kwenda padogo. Apime kamba kwanza. Akate picha, akate mapambo, ila mkulima akibonyeza, bei ya pamba ionekane.