Damu ya Mtoto na Dhana ya Baba

Mume mwenye damu ya kundi A na mkewe wa kundi B wamepata mtoto wa kundi O. Je, ni haki baba kumtilia mkewe shaka?

Makundi haya aliyagundua Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901. Kila mtu hurithi asili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Na asili ya O husitirika nyuma ya A au B. Basi yawezekana kila mzazi amebeba O iliyofichika, na mtoto akaipokea pande zote mbili. Kadi ya hospitali haionyeshi kilichofichika.

Bedui mmoja alimjia Mtume Mtukufu (s.a.w.) akinung'unika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume (s.a.w.) hakumwuliza habari za mke, bali za ngamia wake: wana rangi gani, na je, kati ya hao wekundu hayumo wa kijivu? Bedui akakiri kwamba yumo, labda amevutwa na asili ya zamani. Akaambiwa, huenda na mwanawe ni vivyo hivyo. (Na hayo ni karne 13 kabla ya Landsteiner!)

Tena Kurani Tukufu, katika Sura An-Nur, yamtaka mume asiye na shahidi ila nafsi yake aape mara nne kwa Mwenyezi Mungu, na mara ya tano ajiapize laana iwapo ni mwongo. Wewe, msomaji, ungethubutu kuapa hivyo kwa kutegemea herufi moja ya kadi?