Ujira wa Mlezi ni Deni la Baba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa kwa mikono ya watu waaminifu, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Ndugu zangu Waislamu, siku moja baada ya sala ya alfajiri alinijia kijana mmoja, mkazi wa hapa hapa Chang'ombe, akaniambia: «Sheikh wangu, likizo ya uzazi ya mke wangu imekwisha, na Jumatatu arejea kazini. Mama yangu yuko Kilwa, na mkwe wangu amekwisha kufariki. Mtoto hajatimiza miezi mitatu. Ziko nyumba mbili zipokeazo watoto mchana. Moja ni ghali, na ya pili ni rahisi, na mlangoni pana kibao chenye jina la Kiislamu. Nimpeleke wapi?»

Nikamwuliza: «Umekwenda kuzitazama, mwanangu?» Akajibu: «La, sheikh, hayo ni mambo ya wanawake.» Basi jawabu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Jueni, Mungu awarehemu, ya kwamba kumtia mtoto mikononi mwa mlezi si jambo geni katika dini yetu, wala si aibu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Baqara, aya ya 233, ya kwamba mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Na kwamba chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba kwa wema. Na kwamba wakitaka kumpa mnyonyeshaji mwingine si vibaya, maadamu watatoa ujira wake kwa ada. Tazameni vizuri: baba ndiye aliyetwikwa gharama, na wote wawili, mume na mke, wametajwa katika kushauriana.

Na wanavyuoni wetu wa Kishafi wameyafafanua hayo. Imamu Nawawi katika Minhaji amesema kwamba lililomlazimu mama ni kumpa mtoto dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Baada ya hapo, akipatikana mwingine wa kunyonyesha, mama hatezwi nguvu. Na mtoto akiwa hana mali yake mwenyewe, ujira wa kumnyonyesha na kumlea ni juu ya baba. Basi vipi twaona waume wakikaa kitako barazani, na huku mke ndiye alipaye mlezi kwa faida ya vitumbua vyake alivyovipika usiku? Akitoa kwa radhi yake ni sadaka yake, na ujira atapata. Lakini deni si lake, ni lako.

Nami sijitoi katika lawama. Zamani nalipokea chuoni mwangu watoto wasiotimiza miaka mitatu, kwa kuwa baba zao walinisihi, na mimi nikatazama ada. Mwalimu mwenye wanafunzi arubaini hawezi kumshika mtoto atambaaye. Siku moja mmoja wao alitoka nje, akaokotwa na mwanamke mpita njia karibu na barabara ya magari. Tangu siku hiyo nimetubu: chuo ni pahali pa kusomea Kurani, si pa kuwekea watoto wachanga.

Sasa, utazame nini? Maimamu wameweka sharti saba za mwenye haki ya kulea, nazo zimo katika kitabu cha Abu Shujaa, tulichokisoma sote udogoni. Sharti hizo ni za wazazi walioachana, si za mwajiriwa. Lakini ndani yake mna akili, na kujizuia na machafu, na uaminifu. Mambo hayo hayaandikwi kwenye kibao. Huonekana kwa macho ya aliyekwenda kutazama.

Basi nenda mwenyewe, na mkeo, na siku nyingine nenda bila ya kutoa khabari. Hesabu watoto, kisha hesabu walezi. Tazama jiko la mkaa liko wapi, na ndoo za maji zafunikwa au ziko wazi, kwani mtoto hufa maji hata ndani ya ndoo. Uliza ni wanaume gani waingiao nyumba ile. Tazama hewa. Makureshi walikuwa wakiwapeleka watoto wao bara kutafuta hewa safi, na Mtume wetu alikwenda kwa Bibi Halima wa Bani Saad. Nasi twakaa jirani na viwanda na vumbi la barabara.

Tena uliza khabari ya maziwa. Katika madhehebu yetu, mtoto asiyetimiza miaka miwili akinyonya maziwa ya mwanamke mara tano mbalimbali, amekuwa mwanawe wa kunyonya, na ndoa baina yake na watoto wa mama huyo ni haramu. Wala kukamuliwa na kutiwa chupani hakuiondoi hukumu. Basi chupa ya mwanao iandikwe jina, isije ikabadilishwa na ya mwingine.

Kadhalika uliza cheti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelazimisha vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe, na maofisa wa ustawi wa jamii wavitazame. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 imempa mama mwajiriwa siku 84 za likizo, au 100 akizaa pacha, na muda usiozidi saa mbili kila siku ya kazi kwa kunyonyesha. Mkumbushe mkeo aidai haki hiyo, nawe chagua pahali awezapo kupafikia.

Yule kijana alikwenda. Katika nyumba ya bei rahisi alikuta msichana mmoja, peke yake, na watoto kumi na saba chumba kimoja, wote wamelala fofofo saa nne ya asubuhi, hata mmoja halii. Akarudi kwangu uso umemparama. Kwani ni nadra watoto wachanga wengi hivyo kulala wote kwa wakati mmoja, na yafaa kuogopa kwamba kuna kitu wamenyweshwa.

Amempeleka mwanawe katika ile ya ghali, baada ya kuizuru mara mbili. Ameacha matumizi yake ya jioni ili aweze kulipa, na kila asubuhi humchukua mtoto mwenyewe begani.

Mtume (S.A.W.) ametufunza ya kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo haitafaa kusema: «Hayo yalikuwa mambo ya wanawake.»

Mola atuhifadhie watoto wetu, na atupe riziki ya halali ya kuwalelea. Amin. Wallahu aalam.