Shomoro wa Nyongeza

Masomo: Mathayo 10:29–31, Luka 12:6–7



Bwana wetu alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake hofu, hakuwaonyesha tai wala korongo. Aliwakumbusha ndege wa sokoni, wale wadogo ambao maskini huwanunua wapate kitoweo. Tukiyasoma maneno ya Mathayo na ya Luka pamoja, tutaona jambo ambalo ni rahisi kulipita. Katika Mathayo sarafu moja hununua mashomoro wawili. Katika Luka sarafu mbili hununua watano. Hesabu hailingani, maana sarafu mbili zingestahili kununua wanne. Yule wa tano, basi, ni nyongeza.

Kila aendaye sokoni aijua nyongeza. Fungu la nyanya limekwisha kupangwa, bei imekwisha kukubaliwa, kisha mwuzaji anatupia moja juu, mara nyingi ile iliyobonyea, ili mteja arudi tena kesho. Shomoro wa tano hakuwa na bei hata kidogo. Sarafu yenyewe ilikuwa ndogo: 16 kama hizo zilifanya dinari moja, na dinari ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tusomavyo katika mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Tena neno la Kiyunani lililotumika hapa, strouthion, ni jina la ndege mdogo, hasa shomoro na wale wafananao naye. Huenda katika fungu moja walichanganyika ndege wa namna mbili au tatu, wamekwisha kunyonyolewa, na mwuzaji hakuwa na haja ya kuuliza yupi ni yupi. Kwake yeye walikuwa ni hesabu tu. Na ni juu ya hao hao Bwana anasema kwamba hakuna hata mmoja aliyesahauliwa na Mungu.

Je! sisi tunawajua ndege kwa namna gani, kama Baba au kama mwuzaji? Mwulize mtoto yeyote katika mitaa yetu, “Yule aliyetua pale ni ndege gani?” Atajibu, “Ni ndege tu.” Ukimbana sana atasema, “Shomoro.” Kila ndege mdogo mwenye rangi ya udongo ni shomoro, hata siku ile mtama unapoanza kukomaa. Siku hiyo jina hubadilika, na kila mdogo wa rangi ya udongo huwa kweleakwelea, na pamoja na jina hukumu nayo hubadilika.

Hatusemi haya kwa kumdharau mkulima. Sisi tunaokula mtama na uwele tunamjua kweleakwelea. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, jambo dogo; lakini kundi la ndege 1,000,000 hula tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia, kwa siku moja tu. Wakija huonekana kama moshi unaojikunja juu ya mashamba. Mama aliyelima tangu mvua za kwanza anaweza kukosa hata debe moja. Kwa hiyo watoto hukaa juu ya dungu tangu alfajiri wakiamia ndege, kwa makelele, kwa makopo na kwa kombeo, na hatuwezi kuwaambia waache.

Twasema neno moja tu: yafaa tujue ni nani tunayemrushia jiwe.

Mtu anayeanza kujifunza ndege hukata tamaa upesi kwa sababu hawa wa rangi ya udongo ni wengi mno, nao wanafanana. Afadhali aanze na wale wa karibu. Shomoro wetu wa bara ni yule mwenye kichwa cha kijivu. Mgongo wake ni wa kahawia isiyokolea, nao ni mtupu, hauna michirizi. Juu ya mkia ana rangi ya kutu. Dume na jike hawatofautiani kwa kuwatazama. Kusini mwa Kenya na katika sehemu kubwa ya Tanzania yuko mmoja wa jamaa hii ambaye Mjerumani Reichenow alimpa mwaka 1904 jina la Kilatini suahelicus, yaani Mswahili. Ana ndugu zake wengine wanne katika Afrika, mmoja mwenye mdomo mnene kama wa kasuku, na wamefanana hata wataalamu wengi waliwahesabu wote watano kuwa aina moja. Mwanafunzi asione haya basi akichelewa kuwatenga.

Mjini utamkuta mwingine, shomoro wa majumbani, mgeni aliyeletwa na watu. Alianza katika miji ya pwani kama Zanzibar na Mombasa, kisha akaingia bara. Dume lake ana koo jeusi na utosi wa kijivu, na pande za kichwa ni za kahawia iliyokolea. Jike hana koo jeusi; ana mstari mweupe-mweupe nyuma ya jicho, na mgongo wenye michirizi.

Michirizi hiyo ndiyo inayoleta matata. Maana kweleakwelea jike naye ana mgongo wa michirizi, na jike wa kweche naye vivyo hivyo. Kweche dume ni yule mwekundu mwenye manyoya meusi, ambaye Waingereza wamemwita “askofu” kwa sababu ya joho lake. Maaskofu wetu watatusamehe tukisema kwamba majira ya kuzaa yakipita askofu huyo huvua joho lote, akawa wa rangi ya udongo kama jike lake, na ukimkuta katika mashuke hutamjua.

Basi mtu afanyeje? Jambo la kwanza ni kuacha kuuliza upesi, “Huyu ni nani?” na kuuliza, “Huyu yukoje?” Atazame mdomo, unene wake na rangi yake. Kisha kichwa. Kisha mgongo, kama ni mtupu au wa michirizi. Kisha mahali alipo na kazi aifanyayo: anaokota makombo uani, au ananing'inia katika shuke? Yuko na mwenzake mmoja, au yuko na elfu? Asikilize na sauti. Haya yote hayahitaji darubini, yahitaji kukaa kimya tu kwa muda wa robo saa, nasi twajua jinsi robo saa ya ukimya ilivyo ngumu, hata kanisani. Jina na lije mwisho. Na kama halikuja siku ile, si aibu kuandika katika daftari, “Sijamjua.”

Lakini watu hawapendi alama nyingi. Wanapenda alama moja. Vijana wameambiwa, “Kweleakwelea ni mwenye mdomo mwekundu,” nao wanaridhika. Ni kweli kwamba mdomo wake ni mwekundu. Lakini jike wakati wa kutaga mdomo wake hugeuka manjano, na makinda wake hawaanzi na wekundu huo. Kwa upande mwingine, yule ndege mdogo sana mwekundu anayeokota punje karibu na kinu, ambaye hamdhuru mtu yeyote, naye ana mdomo wenye wekundu. Basi mwenye kutegemea alama hiyo peke yake atamwacha mwizi na kumwua asiye na hatia, tena ataamini kwamba ameona kwa macho yake mwenyewe.

Hata dawa haichagui. Eropleni inaponyunyiza sumu jioni juu ya miti ya miiba wanapolala kweleakwelea, kila aliyelala mti ule hufa, na mwewe ajaye asubuhi kula mizoga anaweza kufa naye. Pengine hapana budi, njaa ikiwa mlangoni. Lakini hata lisiloepukika lina waliolipia bure.

Katika Biblia yuko mzee mmoja aliyefanya kazi hii ya kutambua, naye alikuwa na alama za kutosha. Isaka alikuwa haoni. Alipoletewa chakula, aliisikia sauti, akaijua kuwa ni ya Yakobo. Akaipapasa mikono, akakuta manyoya kama ya Esau. Alama mbili zilipingana. Badala ya kungoja, akauliza swali moja, akanusa vazi, akatoa baraka. Na neno likiisha kutoka halikurudi. Si kwamba Isaka hakuwa na ushahidi. Aliusikia ushahidi wa kweli kwa masikio yake, akauacha, kwa sababu ule wa mikono ulishikika upesi na chakula kilikuwa tayari.

Ndugu, tumekaa na ndege muda mrefu, nasi hatukukaa nao kwa ajili yao peke yao. Twajua yaliyotendeka katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga tangu miaka ya 1970 hata karne hii. Wazee, na hasa wanawake wazee, wamekatwa mapanga usiku majumbani mwao kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Na alama iliyotajwa mara nyingi ilikuwa moja: macho mekundu.

Hebu tumtazame mama huyo kama tulivyokubali kumtazama ndege, yukoje, yuko wapi, na kazi yake ni nini. Amepika tangu alipokuwa binti wa miaka saba au minane, katika jiko lisilo na dirisha. Mahali ambapo miti imekwisha, amepikia mabua ya mtama na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake ni mkali. Vumbi la kiangazi limemwingia. Pengine ameugua vikope, ugonjwa ambao unaweza kutibika kama mtu angempeleka zahanati mapema. Amepika hivyo miaka hamsini au sitini, akalisha wale wale ambao leo wanayatazama macho yake na kunong'onezana. Wekundu ule ni kumbukumbu ya kila chungu cha ugali walichokula.

Na tutazame mengine ambayo watu wameyaacha. Ni mjane. Wanawe wamehama. Ana shamba dogo karibu na mto, na yuko jamaa anayelitamani. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa, na mganga ameulizwa, naye hakutaja jina. Alisema tu kwamba adui yuko karibu, ni mwanamke, ni mzee. Kila kitu katika kisa hiki kinaonekana wazi kwa mtu atakayekaa robo saa. Lakini alama moja imeshikika upesi.

Wengine watasema, “Sisi Wakristo hatuamini hayo.” Na tuulizane kwa upole: mara ya mwisho mzee wa namna hiyo aliposemwa kisimani au kilabuni, ni nani kati yetu wa Kanisa aliyesema, “Namjua, anaitwa fulani, nimekaa kwake”? Kunyamaza kwa majirani ndiko kunakomfanya muuaji atembee usiku bila wasiwasi. Naye mama yule hana mali ya kumfanya mtu amtetee. Katika fungu la kijiji amehesabiwa kuwa nyongeza.

Bwana hakusema kwamba shomoro haanguki. Yafaa tuliseme hili wazi, maana wako wahubiri wanaolifunika. Anaanguka, mtego unamnasa, jiwe linampata, sarafu inamnunua. Alilosema Bwana ni kwamba haanguki pasipo Baba. Kwa aliyeonewa hiyo ni faraja. Kwa sisi tunaosimama kando na kusema hatukumjua, ni neno la kutisha kidogo, kwa kuwa Yeye anamjua, hata idadi ya nywele zake zilizobaki chini ya kitambaa.

Kwa hiyo tumeshauriana na wazee wa kanisa mambo haya machache. Watoto wa Shule ya Jumapili wanaoamia ndege msimu huu wapewe daftari moja kwa kila dungu, waandike mdomo, kichwa, mgongo, na kazi ya ndege waliyemwona, kabla hawajarusha. Walete daftari hizo Jumapili, tuzisome pamoja. Viota vya mashomoro chini ya bati la kanisa visibomolewe; twajua mfagiaji analalamika, na kweli ana haki, lakini mwenye Zaburi ya 84 aliona wivu kwa shomoro aliyepata makao karibu na madhabahu, wala hakutaja ufagio.

Umoja wa Akina Mama nao waandike majina ya wajane na wazee wote wanaoishi peke yao katika mtaa, Wakristo na wasio Wakristo, bila kumruka hata mmoja kwa sababu ya yale yanayosemwa juu yake. Ziara zianze Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, wawili wawili, nao waende mchana, kwa mlango wa mbele, watu wote wakiona. Wakae, wasiharakishe. Wenye macho yanayouma wapelekwe zahanati kwa baiskeli za vijana. Kila ziara ichukue mzigo wa kuni kavu, kwa kuwa kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi, na fundi mmoja afuatane nao akiwa na tindo na nyundo, atoboe dirisha katika ukuta wa jiko, upande ule usiopigwa na upepo wa mvua.