Hofu ya Mungu Gerari

Katika sura ya 20 ya kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu anaingia Gerari akiwa mgeni, anasema Sara ni dada yake, na mfalme Abimeleki anatuma watu wamchukue. Wahubiri wengi huipita sura hii haraka kwa sababu inamwaibisha baba wa imani, nasi tunakosa jambo lake kubwa. Mfalme alipomuuliza kwa nini ametenda hivyo, Ibrahimu alijibu kwamba alidhani mahali pale hapana hofu ya Mungu. Hakumuuliza mtu yeyote, alidhani tu. Na kabla hajajibu, msimulizi amekwisha kumkanusha: Mungu amesema na Abimeleki katika ndoto, mfalme amewatetea watu wake wasiuawe bila hatia, Mungu mwenyewe amekiri unyofu wa moyo wake, na asubuhi watumishi walipoelezwa wameingiwa na hofu kuu. Sisi wasomaji tunajua kwamba hofu ya Mungu imo Gerari kabla nabii Ibrahimu hajasema kuwa haimo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba habari hii, ile ya Farao katika sura ya 12 na ile ya Isaka katika sura ya 26 ni simulizi moja iliyosimuliwa mara tatu. Hata ikiwa hivyo, mbele ya Farao Ibrahimu hasikiki akijibu neno. Ni hapa Gerari anapotakiwa kueleza dhana yake, na dhana hiyo ndiyo inayohukumiwa.

Hukumu hiyo inatufikia sisi wa mkoa wa Mara. Tumezoea kuanza historia ya imani yetu na tarehe za misheni: Mapadri Weupe Nyegina mwaka 1911, Wamennoni Shirati mwaka 1934. Kazi yao ilikuwa kubwa, na hospitali ya Shirati inatibu watu hadi leo. Kosa ni kudhani kwamba kabla yao palikuwa patupu. Wakuria na majirani zao walimtaja Nyamuhanga, muumba, kabla ya katekista wa kwanza kukanyaga hapa. Mtemi Burito wa Wazanaki, mwenye wake 22, hakuwa mtu wa misheni alipomruhusu mwanawe Kambarage Nyerere kwenda shule ya Mwisenge mwaka 1934. Kambarage alibatizwa Nyegina mwaka 1943 kwa jina la Julius, na uzeeni akazitunga Injili kwa tenzi. Mkatoliki huyo thabiti ndiye aliyeandika mwaka 1962 kwamba mizizi ya ujamaa imo katika maisha ya jadi ya Waafrika. Ubatizo haukumlazimisha kukana wema uliomtangulia.

Atasema mtu kwamba Abimeleki aliogopa kifo tu, kwa kuwa alitishwa, na matumbo ya nyumba yake yalikuwa yamefungwa. Lakini ushahidi wa unyofu wake hautoki kinywani mwake peke yake, Mungu ameuthibitisha. Pingamizi zito zaidi ni lile la Sara. Mfalme alituma watu wakamchukua, na hakuna aliyemuuliza mwanamke huyo anataka nini, wala mfalme wala mume. Hapo simtetei Abimeleki. Kuwa na hofu ya Mungu hakukumfanya asiwe na doa, na sidai kwamba mila za wazee wetu hazikuwa na doa, hasa kwa wanawake. Ninachodai ni kwamba doa halithibitishi kuwa Mungu hakuwapo. Lingekuwa linathibitisha hivyo, Ibrahimu naye angekuwa mtu asiye na Mungu.

Tena, ni maombi ya Ibrahimu yaliyoiponya nyumba ya mfalme. Basi wito wake haukufutwa, na mwenye kusema kwamba dini zote ni mamoja hapati msaada katika sura hii. Nabii bado ana kitu ambacho mfalme anakihitaji. Ila anakitoa akiwa amekemewa kwa haki na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdharau, na anakubali kuishi katika nchi ambayo mtu huyo amemwambia akae popote apendapo. Katika sura ya 21 watumishi wa Abimeleki wanamnyang'anya kisima. Mara hii Ibrahimu hadhani kitu: anamlalamikia mfalme uso kwa uso, anasikia kwamba hakuwa na habari, kisha wanaapa pamoja Beer-sheba.