Namba Ninayo, Jina Sina



Mwaka jana nilitoka kwetu Nemba, Biharamulo, nikaenda Mwanza kwenye mkutano wa vijana na waajiri. Nilichapisha kadi 50. Si tunaambiwa siku hizi mtaji ni koneksheni? Basi kila niliyesalimiana naye, macho yangu yalikuwa yanamtafuta mkubwa zaidi aliyesimama nyuma yake. Jamaa mmoja mfugaji nyuki alinieleza habari za mizinga yake na za mama yake anayeumwa. Nikaitikia "sawa, sawa", nikachukua namba, nikahama meza. Kwenye simu nikamwandika "Jamaa wa Asali". Tukivuka Busisi kurudi nyumbani, nilihesabu namba 31. Nikajiona mshindi.

Wiki mbili baadaye ikaingia meseji: "Ndugu, ulisema wewe ni Mkatoliki. Mama anafanyiwa upasuaji kesho. Naomba mtuombee."

Jioni ile kwenye jumuiya, tulipofika kwenye maombi, nikaanza: "Tumwombee mama wa..." Nikakwama. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, rafiki yako anaitwa nani?" Kiukweli, niliona aibu mbele ya watu na mbele ya Mungu. Namba ninayo, jina sina.

Soma Luka 19:1-10. Yesu alikuwa anapita tu Yeriko, umati umemzunguka. Akasimama chini ya mkuyu, akatazama juu, akamwita Zakayo kwa jina, akataka kukaa nyumbani kwake. Zakayo alikuwa tajiri, lakini Yesu hakumgusia fedha. Habari ya mali ilikuja baadaye, tena aliyeianza ni Zakayo mwenyewe.

Kutafuta kazi si dhambi, ndugu yangu. Kosa ni kumfanya mtu ngazi, ukishapanda unaisahau. Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi wa Kikristo mwaka 1925, alituachia hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mimi nilirukia kutenda. Sikuwa nimemwona mtu.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye mkutano kama ule, jaribu hivi. Zungumza na watu watatu, lakini uwasikilize hadi mwisho. Andika jina la kila mmoja na jambo moja linalomsumbua. Meseji yako ya kwanza iwe ya kumjulia hali, isiwe ya kuomba kitu. Na usiku, taja majina yao kwenye rozari yako. Ukishindwa kumwombea mtu kwa jina, bado hujakutana naye.

Usiku ule nilimpigia yule jamaa, nikamwomba msamaha, nikamuuliza jina. Akacheka, akanitajia, na la mama yake pia. Hadi leo hajanipa kazi, wala sijamwomba. Hupiga tu kuuliza, "Vipi, Nemba mnaendeleaje?"

Fungua simu yako sasa hivi. Ni nani humo ana namba, hana jina? Anza na huyo.

Bwana awe nanyi.