Sheria Iliyopitishwa Bila Kuwauliza Wenye Maduka

Kaunti ya Kiambu ilipoanza kazi mwaka 2013, ilirithi miji yenye biashara nyingi na madaftari ya mabaraza ya miji hiyo yaliyovunjwa. Thika ilikuwa na viwanda vyake na soko lake la Jamhuri. Ruiru ilikuwa ikipanuka kila uchao kando ya barabara kuu iliyokamilika mwaka uliotangulia. Gavana wa kwanza, William Kabogo, na wawakilishi wadi walihitaji pesa, tena upesi. Bunge la kaunti likapitisha Sheria ya Fedha ya 2013, ambayo ndiyo huweka ada na tozo za kaunti, na mwenye duka akatarajiwa kulipa.

Baadhi ya wakazi walikataa. Hawakuchoma matairi barabarani, walikwenda Mahakama Kuu. Malalamiko yao yalikuwa mengi, ila lililozama zaidi ni hili: hatukuulizwa. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe katika kazi za bunge la kaunti, na inataka hivyo pia katika mambo ya fedha. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria yote. Alieleza kwamba haitoshi kutoa tangazo na kuwaachia wananchi kazi ya kulisaka. Bunge la kaunti lilipaswa kuwafikia watu makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza ya hadhara na redioni, hata kwenye redio za lugha za nyumbani. Kaunti ilikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Tangu hapo wanasheria kote nchini huitaja hukumu hiyo kila mara sheria inapodaiwa kupitishwa kwa pupa.

Kwa wafanyabiashara wengi kisa hiki ni hadithi ya ushindi. Ni kweli kwamba wakazi walishinda, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini sheria nzima ilipoanguka, ilianguka pamoja na yote yaliyokuwamo, mazuri na mabaya. Hakuna aliyepata nafasi ya kuchambua ada moja moja na kuuliza ipi inalinda mtu na ipi inajaza mfuko tu. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kabla ya kura kupigwa, na haikufanywa. Ndiyo sababu nawasimulia kisa hiki wale wote ambao leo wanataka leseni za kazi na biashara zipitiwe upya, wawe maafisa au wenye vibanda.

Wiki chache baada ya hukumu ya Jaji Odunga, mapema Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Wengine walipofuka. Sheria ya kudhibiti vileo ilikuwapo tangu 2010, na Katiba ilikuwa imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za kuuza pombe. Mnywaji aliyeketi kwenye baa hawezi kupima kilichomo kwenye chupa. Anategemea kwamba kuna mtu aliyepima kwa niaba yake. Asiyepima na bado akatoza ada amemuuzia mnywaji huyo uongo, na uongo huo unaua.

Kwa hiyo simuungi mkono anayesema leseni zote zifutwe, wala simuungi mkono afisa anayetetea kila karatasi iliyomo kwenye faili lake. Kenya imewahi kupitia leseni zake kwa upana. Mwaka 2005 iliundwa kamati ya kuhesabu leseni zote za biashara nchini, ikakuta zaidi ya 1,300. Nyingi zilifutwa au kurahisishwa, na sheria ya zamani ya leseni za biashara ikaondolewa. Ilikuwa kazi nzuri. Kisha ugatuzi ukaja, kaunti 47 zikapewa uwezo wa kutoza, na vijisanduku vya ada vikaanza kujaa tena.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti leseni za biashara, ila linatoa nje usimamizi wa taaluma, ambao ulibaki kwa serikali ya kitaifa. Maana yake mwenye duka la dawa pale Makongeni, Thika, anasimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu kwa ujuzi wake, na kaunti kwa duka lake. Mwenye hoteli ndogo anahitaji kibali cha biashara, na wapishi wake wanahitaji vyeti vya afya. Kila karatasi, ukiitazama peke yake, ina sababu. Tatizo huja zinapokutana mlangoni pa mtu mmoja, kila moja na afisa wake, na hakuna afisa hata mmoja anayejua mwenzake aliuliza nini. Hapo ndipo kanjo, askari wa kaunti, wanapoingia, mwenye duka anaanza kubabaika, na "chai" inanywewa.

Kazi inayonihangaisha zaidi ni ile ya fundi wa stima. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika. Wengi wao wanaishi kwenye ploti za kupangisha zilizojengwa haraka, orofa juu ya orofa. Mpangaji wa orofa ya tatu hawezi kuona waya uliofukiwa ukutani. Sheria imelifikiria hilo: fundi hupewa leseni na mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, EPRA, kwa madaraja yanayolingana na ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kufanya, na kazi ikiisha aliyeidhinishwa huweka saini kwenye cheti cha kukamilika kabla ya mita kuunganishwa.

Hii ni leseni ninayoitetea kwa moyo wangu wote. Na kwa sababu naitetea, sitanyamazia jinsi inavyochezewa. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba yupo fundi anayevuta waya jengo zima bila leseni, na yupo mwenye leseni anayetia saini jengo ambalo hajawahi kulikanyaga. Tunapenda kuita huo ulafi, na ulafi umo. Lakini fundi wa kwanza mara nyingi ni mtu aliyejifunza kwa kubeba ngazi ya fundi mkubwa tangu ujana, mikono yake inajua, shule alikatiza. Mlango wake upo: majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hupima anachoweza kufanya. Ila yanadai ada, yanadai siku bila kibarua, na ni wachache waliowahi kumweleza kwamba yapo. Kanuni inayomfungia mtu wa namna hii haimwondoi kazini. Inamsukuma akafanye kazi ile ile gizani, chini ya jina la mwingine, na mpangaji wa orofa ya tatu anabaki bila mlinzi.

Anayepitia kanuni na aanzie kwa watu hawa wawili, fundi na mpangaji. Leseni ikiondolewa, nani anaumia? Ikibaki, nani anakuja kukagua, na anakagua kitu gani? Mwenye ujuzi bila vyeti anaingilia wapi? Maswali haya hayahitaji mshauri kutoka ng'ambo. Majibu yapo kwenye mitaa ya Kihunguro, Kimbo na Kiandutu, kwa watu ambao mwaka 2013 hawakuulizwa.

Nafasi ya kuyauliza inatolewa na sheria yenyewe. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka watu watakaoguswa na kanuni mpya washauriwe, na inaipa kila kanuni maisha ya miaka 10, isipokuwa ikifutwa mapema au ikiongezewa muda mfupi. Kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, zinazowagusa makandarasi na mafundi wa mijengo yote hiyo ya Ruiru, zilitolewa mwaka 2014, hivyo miaka yake 10 imeshatimia. Kwa upande wa kaunti, mswada wa fedha huletwa kila mwaka, na kila mwaka sharti kuwe na vikao vya kuwasikiza wananchi. Nimeona vikao vya namna hiyo ambamo maafisa waliijaza safu ya mbele na viti vya nyuma vikabaki vitupu, kisha orodha ya waliohudhuria ikapelekwa bungeni kama ushahidi kwamba umma umesema.

Kikao kijacho kikitangazwa, funga duka kwa saa mbili. Beba risiti zote za leseni ulizolipia mwaka uliopita, ziweke mezani mbele ya mwakilishi wadi wako, na kwa kila moja uliza ni afisa gani aliyekuja kukagua, alikuja lini, na alikuta nini. Dai majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha omba nakala.