Nani Atembee Nyuma ya Sanduku la Kamanda?



Kuna ulizo moja linalorudi kwetu kila mara mkubwa wa jeshi anapokufa. Watu wanakuja kuomba fanfare yetu ipige kwenye matanga, na palepale waaminifu wanagawanyika. Wamoja wanasema: twende, kwa maana Maandiko yanatuagiza kuheshimu wenye mamlaka. Wengine wanasema: hapana, sisi ni watu wa amani, namna gani tupige mapembe kwa mtu aliyeishi kwa bunduki? Wazee wanajaribu kutuliza, lakini kila upande unaenda nyumbani na neno lake.

Tumependa kulitazama ulizo hili kwa njia ya habari iliyopita katika inchi nyingine, ya Nijeria. Tukichukua mfano wa mbali, hakuna mtu atakayesema tunamtafuta fulani wa kwetu, na moyo unapata nafasi ya kufikiri bila hasira.

Tarehe 21 mwezi wa tano 2021, siku ya Ijumaa, ndege ya jeshi la anga la Nijeria ilianguka Kaduna wakati ilipotaka kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake alikuwemo Jenerali Ibrahim Attahiru, mkuu wa jeshi la inchi kavu. Alikuwa hajamaliza hata miezi minne katika kazi ile, kwa maana aliwekwa mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka uleule. Alikuwa anaenda kwenye sherehe ya askari wapya waliomaliza mafundisho yao. Watu wote 11 waliokuwa ndani walikufa. Mwezi wa pili wa mwaka ule, ndege nyingine ya namna ileile ilikuwa imeanguka karibu na Abuja na kuua watu saba, nao walikuwa wametumwa katika kazi ya kutafuta watu waliotekwa kwenye shule ya Kagara.

Kesho yake, Jumamosi, wakazikwa katika makaburi ya jeshi kule Abuja. Wakubwa wa jeshi walikuwepo, wakubwa wa serikali walikuwepo, bendera zilikuwepo. Lakini Rais Muhammadu Buhari hakuwepo. Ni hapo mabishano yalipoanza. Watu wakauliza: namna gani mkuu wa jeshi lote asifike kumzika kamanda wake, yeye ambaye ni jenerali wa zamani? Rais alitoa amri bendera zishushwe nusu kwa siku tatu, na siku moja akawapa askari wote mapumziko ya kilio. Hiyo haikuwatosha watu. Baadaye msemaji wake akaeleza kwamba Rais hakupenda barabara zifungwe na raia wasumbuliwe na polisi kwa sababu ya msafara wake. Neno hilo likaongeza moto pahali pa kuuzima.

Sisi tunaona nini? Tuseme kweli: sababu ile si ya kuchekwa yote. Nani kwetu hajasimamishwa kwa jua saa mbili kwa sababu mkubwa anapita? Mama mwenye beseni la mihogo, mgonjwa katika taksi, mtoto wa shule, wote wanangoja. Mkubwa anayefikiri juu yao amefikiri vizuri. Lakini kilio kina sheria yake. Mtu akifiwa, hatuangalii kama njia ni ndefu ao kama mvua inanyesha. Tunaenda. Tusipoweza kwenda na magari ishirini, tunaenda na moja. Mtu asiyefika kwenye matanga na anatuma maelezo, maelezo yake hata yakiwa mazuri yanachelewa siku zote.

Tufungue kitabu cha pili cha Samweli, sura ya tatu. Pale kuna kamanda anaitwa Abneri, mkuu wa jeshi la Sauli. Aliuawa kwa hila na Yoabu, naye hakufa kwa ajali, lakini tuangalie mfalme alifanya nini. Daudi hakubaki katika nyumba yake. Aliwaagiza watu wapasue mavazi yao, na yeye mwenyewe akatembea nyuma ya jeneza. Akalia kwa sauti kwenye kaburi. Wakamletea chakula kukiwa kungali mchana, akakataa kula mpaka jua lishuke. Na Maandiko yanaeleza kwamba watu wote waliliona jambo lile na likawapendeza, na siku ile wakajua kwamba kifo cha Abneri hakikutoka kwa mfalme.

Basi tuone vizuri: miguu ya mfalme ilisema neno ambalo mjumbe asingeweza kulisema. Kama Daudi angetuma mtu, Israeli yote ingenung'unika: kuna kitu kimefichwa. Na ndege ya mkubwa ikianguka, je, minong'ono haianzi palepale? Katika Afrika yetu, ajali ya mkubwa haiitwi ajali. Kila mtu anauliza nani alimfanya. Kwa hiyo mwenye mamlaka akikosa kwenye kaburi, hata kama moyo wake ni safi, amewaachia watu pahali patupu, na pahali patupu panajazwa na uvumi.

Lakini kuna jambo la pili katika habari ya Abneri, na hapa ndipo waaminifu wengi wanajikwaa. Abneri hakuwa mtu safi. Yeye ndiye aliyeleta neno la kuwafanya vijana wa pande mbili wacheze mbele ya bwawa la Gibeoni, na mchezo ule ukawa kuuana. Yeye ndiye aliyemchoma mkuki Asaheli, ndugu yake Yoabu. Yeye ndiye aliyemsimamisha mwana wa Sauli kuwa mfalme, akaleta vita virefu. Daudi alijua yote hayo. Alimlilia bila kumfanya mtakatifu. Hakuandika maisha mapya ya Abneri siku ya mazishi.

Jenerali Attahiru vilevile alikuwa na habari yake. Katika mwaka 2017 alikuwa kamanda wa vita dhidi ya Boko Haram kaskazini-mashariki. Mwezi wa saba mwaka ule mkubwa wake alimpa siku 40 amkamate Abubakar Shekau, mzima ao maiti. Siku 40 zikapita, mashambulizi yakaendelea, na mwezi wa kumi na mbili akaondolewa. Miaka zaidi ya mitatu baadaye wakamrudisha juu kabisa. Na ona mambo ya dunia hii: Shekau naye alikufa juma lileile ndege ilipoanguka, katika mapigano na kundi lingine la waasi. Mwenye kuwindwa na aliyetumwa kumwinda walitoka duniani kwa siku chache tu. Hatujengi fundisho juu ya jambo hilo, lakini lilitunyamazisha tulipolifikiri.

Tunajua pia kwamba hawakulia wote. Wako waliofurahi, zaidi kusini-mashariki, ambako jeshi lilikuwa linapambana na wale wanaotaka kujitenga. Wako vijana waliokumbuka usiku wa tarehe 20 mwezi wa kumi 2020, askari walipopiga risasi kwa waandamanaji kule Lekki, Lagos, wakasema hawana machozi kwa mtu yeyote mwenye uniforme. Tusiwahukumu haraka. Mwenye jeraha ana sababu ya kukosa machozi. Lakini kusema kwamba ndege imeanguka kwa sababu Mungu amelipa kisasi, hilo tunalikataa. Yesu mwenyewe alitaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, naye akakataa kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Katika ndege ile ya Kaduna kulikuwa Waislamu na Wakristo, majenerali na masajini. Kisasi gani kinachohesabu namna hiyo?

Na hao wengine 10? Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo. Magazeti yalisema: Jenerali fulani na watu 10. Rubani ana mama. Sajini ana watoto. Jeshi lilitangaza majina yao, na hilo ni vizuri, lakini muulizeni leo mtu wa Nijeria awataje, ataweza wangapi? Mabishano yote yalikuwa juu ya nani alifika kwa ajili ya mmoja.

Twende mbali zaidi. Miezi sita kabla, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2020, kule Zabarmari katika jimbo la Borno, wakulima waliokuwa wanavuna mupunga walichinjwa. Kesho yake watu 43 wakazikwa, na hesabu ya wafu ikaendelea kupanda. Gavana wa jimbo alifika. Rais alituma ujumbe. Basi kijana wa Borno akiuliza kwa nini kelele kubwa ilikuja kwa jenerali mmoja kuliko kwa wakulima wale, tutamjibu nini? Sisi wa Ituri, wa Kivu zote, tunalijua ulizo hilo bila kufundishwa. Tumezika wengi bila bendera na bila msafara, na mara nyingine bila sanduku.

Kuhusu sanduku, tukumbuke habari ya Kenya. Tarehe 18 mwezi wa nne 2024 helikopta ilianguka Sindar, katika Elgeyo Marakwet, ikamwua Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi yote ya Kenya, pamoja na askari tisa. Wawili walipona. Alikuwa ametembelea askari na mashule yaliyofungwa kwa sababu ya wezi wenye silaha. Mtu huyu alikuwa ameacha maagizo kwa jamaa yake: azikwe mbio, kabla siku tatu hazijapita, na asitiwe katika sanduku. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumapili tarehe 21 alizikwa kwao Siaya, amefungwa tu katika nguo. Mizinga ilipigwa, Rais alikuwepo, lakini mwili ulishuka katika udongo kama mwili wa maskini. Wengi walishangaa, kwa maana huko, kama kwetu, sanduku la bei kali ndilo linaonyesha kwamba marehemu alikuwa mtu. Tena Rais William Ruto aliyemlilia ni yeye ambaye mwaka mmoja mbele alieleza kwamba Ogolla alishitakiwa kutaka kupindua ushindi wake wa 2022, na hata hivyo akamweka mkuu wa majeshi. Mtu anaweza kufikiri anavyotaka juu ya siasa ya Kenya. Sisi tuliona pale kitu kidogo cha Daudi na Abneri.

Turudi kwetu. Papa Simon Kimbangu hakuhukumiwa na wachungaji, wala na mahakama ya raia. Ni tribinali ya kijeshi iliyokaa Thysville, na kamanda De Rossi ndiye aliyeiongoza. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1921 ikamhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha, na Papa akafungwa miaka 30, mpaka alipofariki hapa Katanga, katika Elisabethville, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Alikufa mfungwa. Hakuna bendera iliyoshushwa, hakuna gavana aliyefika. Mwili wake ulikaa katika udongo wa Lubumbashi mpaka mwezi wa nne 1960, ndipo ulipopelekwa Nkamba. Na ni mwaka 2023 tu tarehe 6 ya mwezi wa nne ilipoanza kushangiliwa kama sikukuu ya inchi yote. Sisi basi ni watoto wa mtu aliyezikwa bila heshima ya serikali, na hatukupungukiwa na kitu. Ndiyo maana heshima ya serikali haiwezi kututisha, wala kutunyima usingizi. Tunaweza kuitoa kwa mkono mwepesi.

Kwa hiyo, wakija kuomba fanfare kwa matanga ya mkubwa wa jeshi, sisi tunaona iende. Kwenda kulia na wenye kulia si kukubali kazi ya bunduki. Daudi alikwenda. Lakini tuende na masharti yetu, na tuyaseme mbele, kwa adabu, kwa jamaa na kwa wakubwa. Tutapiga nyimbo za Mungu, hatutapiga nyimbo za kumsifu marehemu kwa mambo tusiyoyajua, wala kwa yale tunayoyajua kuwa si kweli. Kama alikufa pamoja na wengine, mchungaji atataja majina yote katika sala, kuanzia dereva ao rubani. Kama kuna wajane na yatima wanaosema kwamba askari wake waliwatendea mabaya, hatutawafukuza mlangoni ili sherehe ipendeze.

Na sharti moja linatuhusu sisi wenyewe, na ndilo gumu zaidi. Siku mjane wa askari wa cheo kidogo atakapokuja, yule anayekaa kambini katika chumba kimoja na watoto watano, hana pesa ya usafiri wa wapigaji wala ya kuwapa chakula, fanfare iende vilevile, na mavazi yaleyale meupe na kijani, na hesabu ileile ya mapembe. Wakubwa wa fanfare watuambie kama tuko tayari. Mara ya mwisho tulipouliza, walituambia kwamba mafuta ya gari yamekosekana.